Siku nne bila choo: uzoefu wangu na daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, pamoja na dawa ya laktulosi

Kuhe ni paka dume wa kienyeji, wa kijivu mwenye mistari, ana miaka saba. Nilipewa akiwa mdogo kule Kibirizi na mama mmoja muuza samaki, ndiyo maana akabeba jina la samaki. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Mwanga, Kigoma, na Kuhe hushinda juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Akibadilika kidogo tu, naona.

Mwezi wa nane mwaka jana alibadilika. Nyuma ya nyumba kuna rundo la mchanga wa ujenzi wa jirani, na hapo ndipo chooni kwake. Jumatatu jioni nilimwona amechuchumaa muda mrefu, mkia umenyooka unatetemeka, kisha akaondoka bila kufukia. Nilikwenda kuangalia: hakuna kitu. Jumanne alirudi pale mara tatu, akaambulia vipande viwili vikavu, vigumu, vya ukubwa wa kokwa za mchikichi. Jumatano akakataa chakula, akaingia uvunguni mwa kitanda, na nilipomgusa tumbo akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikafanya kosa. Bibi jirani yangu, ambaye kalea watoto na wajukuu wengi na ananipenda kwa dhati, akaniambia, "Mjukuu wangu, mpe mawese, utumbo utalainika." Hapa kwetu mawese hayakosekani jikoni, na yana sifa ya kutibu mengi. Nikampakata Kuhe, nikambana taya, nikammiminia kijiko kizima. Akapaliwa. Mawese yakamtoka puani, mekundu, akakohoa hadi akalala ubavu. Nilidhani nimemuua kwa mkono wangu. Baadaye daktari alinieleza kwamba mafuta ukimlazimisha paka mdomoni huweza kupita njia ya hewa yakaingia mapafuni, na akapata nimonia ya kumwondoa kabisa. Na hata yakishuka salama, mafuta ya kula humeng'enywa kama chakula kingine, hayafiki kulainisha kinyesi kilichokwama mwishoni mwa utumbo. Kwa hiyo nilimtesa bure.

Alhamisi asubuhi nilikwenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale alinisikiliza nusu, akanitolea dawa ya minyoo ya mbuzi: "Mama, mpe kidogo tu, itamsafisha." Hakuuliza paka ana uzito gani, wala ana siku ngapi hajapata choo. Nililipa shilingi 3,000, lakini njiani moyo ukakataa. Ile chupa sikuifungua.

Namba ya daktari nilipewa na mteja wangu mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa. Nilipiga saa nne asubuhi, akafika saa tisa kwa pikipiki, na sanduku lake limefungwa nyuma kwa mpira. Ninavyomsifu sana ni kwa sababu ya dakika kumi za mwanzo, kabla hajafungua hata hilo sanduku.

Swali lake la kwanza halikuwa la choo. Aliuliza, "Dada, leo umemwona akikojoa?" Akaniambia paka dume anayejikamua bila kutoa kitu anaweza kuwa ameziba njia ya mkojo, na hiyo ukiichukulia kuwa ni choo kigumu ukakaa unasubiri, siku moja au mbili zinatosha kumpoteza. Tukaenda wote hadi kwenye mchanga, nikamwonyesha palipolowa asubuhi ile. Ndipo akarudi ndani.

Kisha akatazama meza yangu, cherehani, vibobini, nyuzi zilizotapakaa sakafuni, akauliza kama Kuhe huchezea uzi. Huchezea, ndiyo. Akamfungua mdomo, akausukuma ulimi juu kwa kidole gumba kutoka chini ya taya, akamulika kwa tochi ya simu chini ya ulimi. Alikuwa anatafuta uzi. Paka akimeza uzi, huweza kujinasa chini ya ulimi na mwisho wa pili ukaenda hadi utumboni, na utumbo ukajikunja juu yake kama kitambaa kinavyovutwa marinda. Ukimpa dawa ya kuendesha katika hali hiyo, uzi unakata utumbo. Nina miaka mingi nashona na paka pembeni, sikuwahi kulijua hilo. Alisema pia kwamba ukiona uzi umening'inia nyuma ya paka usiuvute kamwe. Siku hizi kila jioni nafagia nyuzi zote na kufunga vibobini kwenye kopo lenye mfuniko.

Uzi haukuwepo. Akavuta ngozi ya mgongoni, ikachelewa kurudi: Kuhe alikuwa amekaukiwa maji. Akapapasa tumbo taratibu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha akaushika mkono wangu akauweka palepale. Nilihisi kitu kirefu, kigumu, chenye vinundu, kama kamba iliyopigwa mafundo. "Hiki ndicho kinachomtesa," akasema.

Alimchoma maji ya dripu chini ya ngozi, katikati ya mabega, mililita 100. Yakafanya nundu kama ya ng'ombe, nayo ikashuka polepole hadi usiku. Halafu akamwosha utumbo kwa nyuma: maji ya uvuguvugu, mpira mwembamba laini uliopakwa jeli, na bomba la sindano la kusukumia, polepole sana, huku mimi nimemfunga Kuhe kwenye khanga kichwa tu kikiwa nje. Alinionya nisije kujaribu hili mwenyewe kwa zile chupa za kusafishia haja kubwa za watu, kwa kuwa nyingine zina chumvi za fosfeti, na hizo kwa paka ni sumu. Baada ya robo saa hivi Kuhe alitoa choo juu ya magazeti, kingi, cheusi, na ndani yake kulikuwa na manyoya, vipande vya miiba ya samaki, na mchanga. Mchanga kabisa, unang'aa.

Hapo ndipo aliponiuliza Kuhe anakula nini, nikaona aibu. Nilikuwa nampa dagaa wakavu, wale wanaoanikwa chini ufukweni, kwa kuwa bei yao ni nafuu kuliko wa kwenye vichanja. Nilikuwa nawachota kwenye mfuko na kumwekea hivyohivyo, wakavu. Paka kwa asili yake hanywi maji mengi, kwa kuwa mababu zake ni paka mwitu wa maeneo makame waliopata maji yao ndani ya nyama waliyokamata. Ukimlisha kikavu mwaka mzima, tena wakati wa kiangazi, utumbo unanyonya kila tone kutoka kwenye kinyesi na kukiacha kama udongo wa tofali. Ongeza manyoya anayojilamba, ongeza mchanga na miiba.

Gharama yote ya siku ile ilikuwa shilingi 40,000, pamoja na mafuta ya pikipiki. Kwangu ni pesa nyingi, ni ushonaji wa magauni mawili, lakini ningelipa tena leo.

Dawa aliyoniandikia ni laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo ambayo hata watu wanatumia. Niliipata duka la dawa la kawaida, chupa ya mililita 100, shilingi 12,000. Haimchochei utumbo kwa nguvu; inavuta maji na kuyabakiza ndani ya kinyesi, kwa hiyo inahitaji mnyama awe na maji mwilini. Kuhe ana kilo nne na ushee, akapangiwa mililita 2 asubuhi na 2 jioni. Paka wako atapangiwa chake baada ya kupimwa, usichukue hiki changu. Choo laini kilikuja siku ya pili. Siku ya tano kikawa cha maji, nikapiga simu, akanipunguzia hadi mililita 1.

Kasoro ya laktulosi ni utamu wake na mnato wake. Kuhe aliichukia kupita kiasi. Nilijifunza kumwekea bomba pembeni mwa mdomo, kwenye shavu, na kusukuma kidogokidogo huku nikisubiri ameze, si kama nilivyofanya na mawese. Ikimdondokea kifuani, manyoya yanagandamana na sisimizi wanamfuata hadi anapolala. Lazima umfute hapohapo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Kuhusu daktari, nina malalamiko mawili. Hakuniandikia vipimo vya dawa popote. Nilivinakili mwenyewe kwa chaki ukutani, na kama ningesahau sijui ingekuwaje. Na aliahidi kurudi Jumamosi, akaja Jumatatu kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa anazaa. Naelewa, lakini zile siku mbili sikulala vizuri. Hata hivyo alinieleza wazi kwamba kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi, na kwamba choo kingegoma kutoka, Kuhe angehitaji kulazwa usingizi na kupigwa picha ya eksirei, na yeye hana vifaa hivyo. Nilimheshimu zaidi kwa kusema vile.

Kilichobadilisha maisha ya Kuhe ni chakula. Dagaa sasa nawaloweka na kuwaosha maji matatu hadi mchanga usionekane chini ya beseni, nawachemsha bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya paka, kisha nampa pamoja na supu yake. Bakuli la maji nimelihamishia mbali na chakula, karibu na mlango, na anakunywa kuliko zamani. Mara mbili kwa wiki namchana manyoya. Boga lililochemshwa na kupondwa nilijaribu pia, kijiko kimoja cha chai. Mwanzo alilisusa, akalikubali lilipochanganywa na supu ya mgebuka, samaki wa ziwa letu la Tanganyika. Linasaidia kiasi, ila mimi sitalipa sifa ya dawa. Nyuzinyuzi bila maji huongeza tu ukubwa wa kilichokwama. Maziwa sikumpa tena, kwa sababu huwavuruga tumbo paka wengi wakubwa.

Kuna siku moja mwezi wa kumi alipitisha siku mbili bila choo. Sikungoja ya tatu, nilipiga simu, akaniambia nirudie laktulosi mililita 2 na niongeze supu, na kesho yake akapata.

Chupa ya pili ya laktulosi iko kwenye droo ya cherehani, nimeandika tarehe niliyoifungua. Asubuhi nikisikia Kuhe anaparua mchanga kule nyuma, nasimamisha mashine kidogo, nasubiri nisikie akifukia, ndipo naendelea kushona.