TidbiT MX2203: kifaa cha kurekodi joto la maji kwenye mito ya trauti

Ukitaka kununua TidbiT MX2203, tenga pesa za viwili. Kimoja kikae kwenye mkondo mkuu, kingine pale unapohisi pana maji baridi: kijito kinapoingia mtoni, chini ya chemchemi inayochuruzika ukingoni, au ndani ya kina chenye kivuli. Trauti, samaki wa maji baridi, hukimbilia sehemu hizo jua likiwaka, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo habari unayoitafuta. Kwenye mto Columbia, Marekani, maji huhesabiwa kuwa kimbilio yakiwa baridi kuliko mkondo mkuu kwa angalau digrii 2. Kifaa hiki hukosea digrii 0.2 tu, kwa hiyo tofauti hiyo hakiipotezi. Kipimajoto cha bei poa kinachokosea digrii 1 juu au chini hakifai: ukiwa na viwili, makosa yao yanaweza kuimeza tofauti yote.

Kinatengenezwa na kampuni ya Onset ya Massachusetts, Marekani, kinaenea kiganjani, na bei yake inazidi dola 100. Hutunza vipimo 96,000, yaani ukipima kila dakika 15 una nafasi ya siku 1,000. Betri yake, CR2477, unaibadilisha mwenyewe. Toleo la zamani, TidbiT v2, lilizibwa moja kwa moja, betri ikiisha unatupa kifaa kizima, na kwa sababu hiyo pekee hili jipya ni bora zaidi. Ila unapofunga kifuniko, futa vizuri mpira unaozuia maji. Chembe moja ya mchanga inatosha kuyaingiza.

Udhaifu wake mkubwa ni kusoma data. Inakwenda kwenye simu kwa Bluetooth kupitia programu ya HOBOconnect, na mawimbi hayo hayapiti majini, hivyo lazima ukitoe kwanza. Mto ukifurika, utasubiri.

Kabla ya kukiweka mtoni, kipime. Jaza ndoo barafu iliyopondwa, ongeza maji hadi yaenee katikati ya vipande, koroga, acha nusu saa. Kikisoma mbali na 0 kwa zaidi ya digrii 0.2, usikitumie. Rudia jaribio hilo msimu ukiisha.

Makosa mengi hutokea kwenye ufungaji. Jua hupenya maji maangavu ya kina kifupi na kupasha plastiki yenyewe, nawe unabaki na joto la kifaa badala ya joto la mto. Kiingize ndani ya kipande cha bomba jeupe la PVC la inchi 2 lililotobolewa matundu mengi, ukifunge kwenye nondo iliyopigiliwa chini. Mkondoni, kiinue sentimita kama 10 kutoka sakafuni ili tope lisikifukie. Kwenye kimbilio fanya kinyume, kikae karibu kabisa na sakafu, kwa kuwa maji baridi ni mazito na hutulia chini; ukikining'iniza juu utaandika kwamba kimbilio hakipo ilhali samaki wamejaa. Grafu ikianza ghafla kupanda na kushuka sana kati ya mchana na usiku, maji yamepungua na kifaa kinapima hewa. Futa siku hizo.

Usiridhike na wastani. Trauti huanza kutaabika joto likipita digrii 20, na trauti wa aina ya upinde wa mvua hukaribia kufa kwenye 25. Jimbo la Montana, Marekani, huweza kufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku mto ukifika takriban digrii 23 siku tatu mfululizo. Kwa hiyo soma kilele cha alasiri, kisha uangalie usiku maji yalipoa hadi wapi, maana ndipo samaki hupumzika.

Kenya, ambako trauti wapo tangu 1905, miezi ya kuangalia ni Januari hadi Machi, mito ya Aberdare na Mlima Kenya inapopungua. Huko kuna jambo la ziada: maji ya digrii 20 usawa wa bahari hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, lakini mita 2,000 juu hubeba takriban 7 tu. TidbiT haipimi oksijeni. Kwa anayefuatilia mto, ninaipendekeza bila kusita. Mfugaji wa trauti bwawani aanze na kipima oksijeni.