Uchambuzi wa Promalin: Kuuchipuza Mtufaha Mchanga Matawi ya Pembeni

Karibuni, watazamaji. Chupa hii ni ya Promalin, mchanganyiko wa homoni mbili za mimea, benziladenini asilimia 1.8 na jiberelini (A4 na A7 kwa pamoja) asilimia 1.8, na leo naipima kwa kazi moja tu: kuufanya utoe matawi mtufaha mchanga ambao shina lake limebaki tupu.

Shina hubaki tupu kwa sababu ncha yake inayokua hutengeneza auksini, homoni ambayo hushuka na kuyazuia macho ya pembeni, yaani vitumba vinavyotoa matawi, yasichipue. Benziladenini huyaamsha macho hayo, kisha jiberelini hurefusha machipukizi. Litazameni jicho hili kwa karibu: limevimba, ncha ya kijani inachungulia, lakini jani halijakunjuka. Huo ndio wakati wake. Dawa nimeichanganya na rangi ya maji ya ukutani, nami naipaka kwa brashi ndogo mpaka jicho lifunikwe lote. Rangi huishikilia dawa mahali pake na kuonyesha macho yaliyokwisha kupakwa. Pakeni sehemu iliyokua mwaka uliopita tu, kwa kuwa gome kuukuu huitikia kwa shida, na msipake siku ya baridi kali. Mti wenye kiu au mizizi dhaifu usitarajiwe kufanya ajabu, maana homoni si mbolea.

Kwa kazi hiyo naipendekeza bila kusita. Tahadhari yangu inahusu maua: kwenye mtufaha, jiberelini huzuia kuumbwa kwa matumba ya maua ya msimu ujao, hasa ukinyunyizia mti mzima badala ya kupaka jicho mojamoja. Kwa mti ambao bado unajenga umbo, hiyo ni faida, kwani matunda ya mapema hula nguvu ya matawi. Kwa anayetaka mavuno ya haraka, ni hasara.

Wengi huniuliza kama paklobutrazoli, dawa nyingine ya kudhibiti ukuaji wa mimea, ingefaa zaidi. Hiyo hufanya kinyume kabisa: huuzuia mti kujitengenezea jiberelini, ukuaji ukapungua, na ndiyo maana wakulima wa maembe huimwaga kwenye mashina ili miembe itoe maua. Hata hivyo, hukaa udongoni muda mrefu, pengine zaidi ya mwaka, na ikizidi machipukizi hudumaa na kusongamana. Kwa hiyo mimi siimwagii mti ambao haujajaza nafasi yake shambani.