Lenzi ya 35mm: miaka tisa mkobani

Safari za kikazi huniachia saa moja tu ya kupiga picha: alfajiri, kabla ya kikao. Zamani nilibeba zumu ya 24-70mm, lenzi inayovuta picha karibu au mbali, karibu kilo nzima, na mara nyingi niliiacha hotelini. Hii ndogo ya 35mm f/2 haiachwi (f ni kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Inaingia mfuko wa koti, na mtu anayefungua duka lake asubuhi hashtuki kama alivyoshtuka kuona lile bomba.

Haina zumu, kwa hiyo zumu ni miguu yako. Ukitaka uso, sogea, salimia, omba ruhusa. Picha zangu ninazozipenda karibu zote zilianza na salamu. Na kwa kuwa f/2 huingiza mwanga mara nne ya f/4, ndani ya treni ya usiku bado napiga kwa 1/60 ya sekunde bila flashi.

Kero? Fokasi yake, yaani mtambo wa kulenga ili picha iwe kali, inalia kama mbu. Pembe za picha hufifia kwenye f/2, zikatulia ukifika f/5.6. Tena haijazibwa dhidi ya maji: manyunyu ya dakika kumi yaliacha ukungu ndani ya kioo, nikapoteza siku mbili nzima. Wanyama wa mbali sahau kabisa.

Zumu nimeshaiuza.