Fairlady Z yangu, miezi 14 baadaye

Nimeendesha Nissan Fairlady Z kilomita 17,400 tangu niinunue, na hazipiti siku kumi bila mtu kuniuliza kama inastahili bei yake. Wengi ni Watanzania wenzangu tunaokagua magari ya mitumba hapa Kanagawa, Japani, kabla hayajapakiwa melini. Kutwa tunashika Vitz, Noah na Hiace, kwa hiyo nawaelewa wanaposhangaa mtu kutoa karibu yen milioni 6 kwa gari la watu wawili. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote anayefikiria kununua.

Langu ni toleo la Version ST la mwaka 2022, gia 6 za mkono, la buluu lenye paa jeusi. Nililipata mnadani likiwa limetembea kilomita 6,000 na kidogo. Karatasi ya ukaguzi ilisema rimu zote safi. Lilipofika uani, rimu ya nyuma kushoto ilikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Nililalamika, sikulipwa. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika karatasi kama hizo, iliniuma zaidi. Ukinunua mnadani, tuma mtu unayemwamini akalione gari kwa macho yake, tena mchana.

Sababu ya kulitaka gari hili ni ya zamani kuliko mimi. Baba yangu, fundi magari ambaye sasa amestaafu, alikulia Mombo, chini ya milima ya Usambara. Utotoni mwake magari ya mashindano ya East African Safari yalipita kwao wakati wa Pasaka, na watoto walikaa kando ya barabara tangu alfajiri wakiyasubiri. Alikuwa akitusimulia hivi: usitege sikio kwa ajili ya injini, kwanza utasikia mawe yanavyogonga tumbo la gari, halafu vumbi, halafu ndiyo Datsun.

Datsun ni jina ambalo Nissan walilitumia zamani, na 240Z ndiyo babu wa Z yangu. Mwaka 1971 Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilishinda mashindano hayo, na iliyofuata nyuma yake ilikuwa 240Z ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya. Alimaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun, ikabidi kanuni za mashindano ziamue mshindi. Baadaye akaja kushinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Hapa Japani Z ni gari la ujana na mapicha. Kwa mzee wangu ni gari lililopita mbele ya macho yake likiwa na tope mpaka kwenye vioo.

Kwa hiyo nilinunua nikiwa na swali moja: katika Z ya leo, kimebaki nini cha ile iliyopita Mombo?

Kwa umbo, kimebaki kingi. Nissan walionyesha gari la mfano Septemba 2020, na hapa Japani likaingia sokoni 2022. Boneti ni ndefu, mgongo unateremka taratibu hadi nyuma, na juu ya milango unapita utepe wa fedha uliopinda kama upanga wa katana. Taa za mbele zina nusu duara mbili zinazokumbusha 240ZG, ile iliyofunikwa taa zake kwa plastiki angavu. Za nyuma zinafuata 300ZX ya mwaka 1989. Kwenye nguzo ya nyuma ya dirisha kuna herufi Z ndani ya duara, kama kwenye Z za zamani. Kitu kimoja tu sikukipenda, nacho ni mdomo wa mbele, mstatili mpana uliowazi. Miezi 14 imepita na bado sijauzoea.

Chini ya bati kuna habari nyingine. Namba ya chesisi inaanza na RZ34, na anayeyajua magari haya ataiona Z34 humo ndani, yaani 370Z iliyotoka mwaka 2008. Mifupa ni ya gari lile, wameikaza na kuiongezea ugumu. Injini ni V6 ya lita 3.0 yenye tabo mbili (turbo, zinazoisukumia injini hewa), VR30DDTT, ndugu wa iliyomo kwenye Nissan Skyline 400R, nayo inatoa nguvu za farasi 405. Wapo wanaosema huku ni kupaka rangi gari kuukuu na kuliita jipya. Mimi siwaungi mkono. Magari ya aina hii yana wanunuzi wachache, masharti ya moshi, kelele na usalama yanaongezeka kila mwaka, na kuchora chesisi mpya kabisa kwa ajili ya gari la viti viwili ni gharama ambayo kampuni nyingi haziigusi. Toyota walipoirudisha Supra mwaka 2019 walishirikiana na BMW: injini ya BMW, chesisi moja na BMW Z4, na kiwanda cha Magna Steyr kule Graz, Austria. Ni gari zuri sana, nimelijaribu. Nissan walifungua ghala lao wenyewe wakaangalia kilichomo. Bila hesabu hiyo gari langu lisingekuwepo. Hata hivyo halikufika kila mahali: Ulaya halikupelekwa, kwa sababu ya masharti ya moshi.

Njia ya kufufua gari si hiyo peke yake. Mwaka 1997 Nissan wa Marekani walinunua 240Z kuukuu, wakazifumua, wakazijenga upya na kuziuza kupitia kwa mawakala wao kwa karibu dola 25,000 kila moja. Magari yaliyotoka hayakufika 50. Mtu anayejua kazi ya kufumua gari mpaka bati tupu ataelewa kwa nini.

Sasa kuendesha. Klachi ina uzito wake, lakini mahali inaposhika panajulikana, ukishapazoea unaondoka kwenye taa bila kuwaza. Kijiti cha gia kina safari fupi na kinaingia kwa mlio mdogo wa chuma unaousikia mkononi kuliko masikioni. Kuna kitufe cha kuifanya injini ijipandishe mizunguko yenyewe unaposhusha gia. Wiki za kwanza nilikiwasha, sasa nimekizima kwa sababu nataka kuifanya kazi hiyo kwa mguu wangu. Breki ya mkono ni ya kuvuta kwa mkono kweli, kitu ambacho magari mengi mapya yameshakitupa. Mbele ya usukani kuna skrini, lakini ndani yake wamechora mshale wa mizunguko mkubwa katikati, na juu ya dashibodi wameweka saa tatu za duara zenye mishale halisi, zimemgeukia dereva kama ilivyokuwa zamani. Moja inaonyesha mgandamizo wa tabo, ya pili kasi ya tabo inavyozunguka, ya tatu volti. Ile ya pili sijawahi kuihitaji. Naitazama kila siku.

Nguvu ya kuvuta ni Nm 475 na inapatikana kuanzia mizunguko 1,600, chini kabisa. Maana yake ni kwamba ukiwa gia ya nne nyuma ya lori kwenye mwinuko, unakanyaga na gari linaondoka, huna haja ya kushusha gia. Wapenzi wa 240Z watasema hiyo inaua raha ya kuisukuma injini mpaka juu. Kuna ukweli hapo. Injini ya zamani, silinda sita zilizopangwa mstari na kaburata mbili, ilitaka uibembeleze. Hii haikubembelezi wala haitaki kubembelezwa, ina nguvu popote utakapoigusa. Sauti yake pia ni ya kawaida tu mpaka ivuke mizunguko 4,000, ndipo inapochangamka.

Jumapili nyingi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Hakone, milimani. (Barabara ya kutoka Atsugi hadi Odawara ina ukomo wa kilomita 70 kwa saa na askari wake hawalali, angalia kioo cha nyuma.) Kutoka Odawara, karibu na bahari, Turnpike, barabara ya kulipia, inapanda hadi zaidi ya mita 1,000 kwa kona ndefu za wazi, na Z imezaliwa kwa kona za namna hiyo. Version ST ya gia za mkono ina difu ya kuzuia tairi moja kuzunguka bure, kwa hiyo ukitoka kwenye kona huku unakanyaga, nyuma inakaa chini na kusukuma. Utajisikia dereva. Lakini teremka kwa njia zile nyembamba za kuelekea ziwa Ashi, na uzito utakukumbusha. Gari hili lina karibu kilo 1,600. 240Z ilikuwa na kama 1,000. Kwenye kona fupi za kushuka pua inataka kwenda mbele, breki zinafanya kazi kubwa, na hapo ndipo umri wa mifupa unapojulikana. Supra ni nyepesi zaidi ya kugeuza, lazima niseme. Ningelikuwa natafuta sekunde uwanjani, ningechukua hiyo.

Maisha ya kila siku hayana mengi. Buti ni la lita 241, linameza begi moja kubwa la safari na vitu vya sokoni. Kwenye lami chakavu tairi zinanguruma sana, na mazungumzo yanakuwa ya kupaza sauti. Kuona nyuma ni kwa kamera na imani. Mjini nakwenda kilomita 7 kwa lita, barabara kuu 12 nikitulia, na mafuta ni yale ya bei ya juu tu. Kodi ya mwaka ya injini ya lita 3.0 ni yen 50,000. Maegesho yangu ya mwezi ni yen 14,000, na hapa huwezi kusajili gari bila hati ya maegesho. Tairi za nyuma, upana 275, zimeisha kabla sijafikisha kilomita 20,000 kwenye mshale, na jozi mpya ilinigharimu kuliko mshahara wangu wa kwanza nilipofika nchi hii. Anayepanga bajeti ahesabu tairi kabla ya kuhesabu rangi.

Ninaulizwa pia kama nitalipeleka nyumbani. Usukani uko kulia, hilo ni sawa, lakini tumbo liko chini mno kwa matuta yetu, na vipuri vya mwili wake sijui fundi wa Tanga angevitoa wapi ndani ya wiki moja. Nikirudi, nitaliuza hapahapa. Na kama unachagua gia, otomatiki ya gia 9 ina haraka kuliko mkono wangu na inakula kidogo pungufu. Mimi sikuitaka. Vile ninavyovigusa, yaani klachi, kijiti, breki ya kuvuta na mishale ile mitatu, ndivyo nilivyolipia. Ukiviondoa, inabaki coupe (gari la milango miwili) yenye kasi, na coupe zenye kasi ziko nyingi.

Mwezi Aprili Baba alikuja kunitembelea kwa wiki tatu. Alifungua boneti kabla hata hajala. Akainama, akapitisha mkono pembeni ya injini akitafuta pa kuingiza spana, hakupaona. "Plagi unazifikiaje, baba?" akaniuliza. Nikamwonyesha. Akaifunga boneti polepole kwa mikono miwili na kusema kwamba fundi wa chini ya mwembe hapa hana chake. Alisema kwa huzuni, na sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Kuingia garini hakukumsumbua. Kutoka ndiyo kazi, viti viko chini na magoti yake si ya kijana. Ilibidi nizunguke kila mara kumpa mkono.

Nikampeleka Zama, kwenye ghala ambako Nissan wanatunza magari yao ya kihistoria. Unaomba nafasi mapema. Katikati ya magari yale yote ipo 240Z ya 1971, nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11 ubavuni. Baba alivua kofia. Alilizunguka mara mbili bila kusema kitu, halafu akasimama mbele yake.

"Lilikuwa dogo hivi?"

Nikamwambia hivyo ndivyo lilivyokuwa siku zote.

"Mimi nilikuwa mdogo zaidi," akasema.

Tulipotoka Zama tukashika njia ya Hakone. Alikuwa kimya, mikono juu ya mapaja, akitazama ule mshale wa tabo unavyopanda na kushuka. Nilimweleza habari za injini, za chesisi, za Nm 475, akawa anaitikia tu. Karibu na juu kulikuwa na kipande cha barabara kinachotengenezwa, lami imekwanguliwa, kokoto zimetapakaa. Nikapunguza mwendo, nikaingia gia ya pili. Mawe yakaanza kugonga tumbo la gari, ta, ta-ta, ta. Baba akaweka mkono wake juu ya wangu uliokuwa kwenye kijiti, akainua kidole kunionyesha ninyamaze, akasikiliza mpaka kipande kile kikaisha.