Duka la pembejeo mjini Moshi: ushauri mzuri, mashudu ya kukaguliwa

Ninafuga ng'ombe wawili wa maziwa katika kihamba changu huko Kibosho, na kwa mwaka na nusu sasa nimekuwa nikinunua chakula cha mifugo na mbegu za malisho katika duka moja la pembejeo mjini Moshi. Siku ya kwanza nilifuata pumba za mahindi tu, lakini muuzaji, baada ya kuniamkia, aliuliza, "Mzee, huyo ng'ombe anakamuliwa au ni mkavu, na majani unakata wapi?" Nilipomweleza kwamba nakata matete kando ya mfereji yakiwa yamenizidi kimo, alisema wazi kwamba pumba hazitaziba pengo hilo, kwa kuwa matete yakikomaa hubaki mashina magumu yenye protini kidogo, na afadhali niyakate yakifikia mita 1 hivi. Badala ya gunia la pili aliniuzia vipando vya desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde yenye protini nyingi, vya kupandwa kati ya mistari ya matete, pamoja na mbegu za lukina, mti wa malisho wa jamii hiyo hiyo, za kuweka mpakani, huku akinionya kwamba lukina ina sumu iitwayo mimosini, hivyo isizidi theluthi ya majani ya siku. Hakunieleza, hata hivyo, kwamba mbegu zake zina ganda gumu na hulowekwa kwanza katika maji ya moto. Za awali ziliota chache mno, nami nikaelekezwa na jirani.

Ng'ombe aliyekuwa akitoa lita 6 kwa siku sasa anatoa 9, ingawa mvua nzuri nazo zina mchango wake.

Kinachonitia shaka ni mashudu ya alizeti. Gunia nililonunua wakati wa masika lilikuwa na mabonge chini, na nilipovunja moja kiganjani lilitoa vumbi la kijivu lenye harufu ya uvundo. Ukungu wa namna hiyo unaweza kuleta sumukuvu, ambayo hupita hadi kwenye maziwa, kwa hiyo sikumlisha mnyama. Walinibadilishia bila ubishi, lakini nauli ya kulirudisha ilikuwa yangu, na magunia bado yamepangwa juu ya sakafu tupu, bila chaga. Ukienda, omba gunia lifunguliwe mbele yako, kisha uingize mkono hadi chini.