FUT, FUE au DHI? Kinyozi anachambua upandikizaji wa nywele

Asalaam aleikum watazamaji wangu, wa Unguja, wa Pemba, wa bara na mlio ughaibuni. Leo bidhaa yetu haipo mezani. Si mashine ya kunyolea wala mafuta ya ndevu. Ni upandikizaji wa nywele, maana simu yangu imejaa tangazo lile lile mnalonitumia: kichwa kabla, kichwa baada, bei kwa dola, hoteli usiku tatu, gari ya kukupokea uwanjani, na chini yake herufi tatu tatu, majina ya njia za kupandikiza. FUT. FUE. DHI. Halafu mnauliza, "Ami, ipi nzuri?"

Nitajibu, lakini kwanza mjue anayejibu ni nani. Mimi ni kinyozi, saluni yangu ipo Michenzani. Sidungi sindano, siandiki dawa. Ninachokijua mimi ni visogo. Daktari anamwona mteja wake siku ya kazi, pengine na kwenye picha za baadaye. Mimi namwona kila nywele zikiota, taa juu, mashine mkononi. Ndege ya Turkish Airlines inaruka hapa hapa kwetu, uwanja wa Abeid Amani Karume, hadi Istanbul, na waliokwenda wakarudi wanakuja kukaa kwenye kiti hiki. Wengine wamerudi wazuri, mashallah. Wengine wanaomba nisiwanyoe chini nyuma.

Sasa tuelewane jambo moja. Hapa hakuna nywele mpya. Njia zote hizi zinahamisha nywele zako mwenyewe, kutoka kisogoni na pembeni, kuzipeleka mbele au utosini. Upara wa kurithi wa wanaume hauletwi na kofia kubana wala na kufikiri sana. Unaletwa na homoni, inaitwa DHT, inayodhoofisha mizizi ya mbele na ya utosini kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, ilhali mizizi ya kisogoni inaistahimili. Daktari mmoja wa New York, Norman Orentreich, alianza kuhamisha nywele za watu wenye upara mwaka 1952, na 1959 akachapisha alichokiona: nywele za kisogoni ukizipanda mbele zinabaki na tabia ya kisogoni. Ndiyo maana kazi hii inawezekana.

Ila enzi zile walikuwa wanatoa vipande vya ngozi vya milimita 4 hivi, na mtu anatoka na vishungi vishungi unavyoweza kuvihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Leo wanatoa kifungu kimoja kimoja kama kilivyoumbwa, chenye nywele 1 hadi 4. Kifungu hicho ndicho kinachohesabiwa. Ukiambiwa "vipandikizi 2,000" si nywele 2,000, ni vifungu.

Tuanze na FUT, njia ambayo vijana wanaidharau. Unachomwa ganzi, upo macho, daktari anakata mkanda wa ngozi kisogoni, mwembamba, upana wake kama sentimita moja au moja na nusu, unaweza kwenda karibu sikio hadi sikio. Pale anapashona. Mkanda unapelekwa chini ya hadubini, wasaidizi wanauchambua kifungu kwa kifungu. Hapo pa hadubini pashikeni, nitaparudia. Ubaya wake ni kovu, mstari mmoja wa kulala. Mtu anayeacha nywele ndefu nyuma huoni kitu. Lakini sisi wanaume wa hapa nani anaacha nywele ndefu nyuma? Mashine namba moja, wiki mbili, rudi tena. Na Mungu akijaalia unakwenda Umra au Hija, utanyoa. Mstari ule utauona msafara mzima.

Kwa hiyo kwa mwanaume anayenyoa chini, mimi FUT siipendekezi. Kwa mwanamke mwenye nywele za kutosha nyuma na upara wa kurithi mbele ni habari nyingine. Haimlazimu kunyolewa kichwa chote, na kovu linafunikwa. Usiikatae kwa sababu tu umeambiwa ya zamani.

FUE sasa. Hii ilitambulishwa rasmi kwa makala ya madaktari wa Marekani, Rassman na wenzake, mwaka 2002. Hakuna mkanda. Kuna kijibomba kidogo cha chuma chenye ncha ya duara, upana kati ya milimita 0.7 na 1 hivi, kinazunguka kumenya ngozi pembeni ya kila kifungu, kisha kifungu kinavutwa na koleo ndogo. Kimoja. Kingine. Kazi ya vipandikizi 2,000 inaweza kumaliza siku nzima. Mbele wanafungua vijitundu, wanavipanda humo. Nyuma hakubaki mstari, kunabaki vidoa vidogo vidogo, na wakitoa kwa kuviachanisha vizuri, hata mimi inanibidi nisogeze taa ndiyo nivione. Msemo wa kwenye matangazo kwamba "haiachi kovu" si kweli. Inaacha makovu mengi madogo. Na wakivuna kwa pupa, kisogo kinabaki mabaka mabaka kama nguo iliyoliwa na mende. Hicho hakirudi tena.

Hapa ndipo pa kwetu hasa, na tangazo la Istanbul halitakwambia. Nywele za kipilipili hazijikunji juu tu. Mzizi nao umepinda chini ya ngozi. Kijibomba kinashuka wima, mzizi unakwenda upande, basi kinaukata katikati. Kilichokatwa hakioti mbele, na nyuma nako kimeshaharibika. Mtu mwenye nywele zilizonyooka anaweza kwenda kwa fundi wa wastani akatoka salama. Wewe mwenye kipilipili kwa fundi yule yule unaweza kupoteza sehemu kubwa ya akiba yako ya nywele za kisogoni, na hutajua, kwa sababu vipandikizi vilivyokatwa vinatupwa, hukabidhiwi. Kumbukeni ile hadubini ya FUT: pale msaidizi anauona mpindo kabla hajakata. Kwa FUE daktari anakisia kwa mkono na uzoefu. Kwa hiyo kwa nywele zetu FUE inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri sana, ila muulize, "Umeshafanya vichwa vingapi vya Waafrika? Nionyeshe visogo vyao." Si mapaji, visogo. Na mwombe afanye jaribio, atoe vifungu vichache kwanza aone vinatokaje, kabla hajajipangia elfu mbili. Daktari mzuri hachukii ukimwomba hivyo.

Kipilipili kina neema yake pia. Nywele iliyojikunja inafunika ngozi kubwa kuliko iliyonyooka, basi mara nyingi unahitaji vipandikizi vichache kupata sura ile ile.

DHI ndiyo mnayoipenda kwa sababu inauzwa ghali na jina lake linapendeza. Sikilizeni kwa makini. Nyuma kisogoni DHI ni FUE ile ile, kijibomba kile kile, hatari ile ile kwa mzizi uliopinda. Tofauti ipo mbele tu. Badala ya kufungua vijitundu kwanza halafu kupanda, wanatumia kalamu yenye sindano yenye uwazi ndani. Kipandikizi kinaingizwa kwenye sindano, inachoma na kukiacha mle kwa tendo moja. Kalamu hiyo asili yake ni Korea, watu wanaiita kalamu ya Choi. Faida ni kwamba fundi hodari anaidhibiti pembe vizuri, na anaweza kupenyeza katikati ya nywele zilizopo bila kukunyoa mbele. Sasa fikiria kipandikizi kilichojikunja, unakitia kwenye sindano iliyonyooka. Kinagoma, kinasumbuliwa, na kipandikizi hakitaki kusumbuliwa wala kukaushwa kwa hewa. Mimi singeongeza pesa kwa sababu ya kalamu. Ningeongeza kwa sababu ya mkono. Na "safiri" mnayoiona kwenye matangazo, ile sapphire, ni jiwe la kisu cha kufungulia vijitundu. Ni kisu tu, bwana.

Kuna na roboti ya kuvuna vifungu, ARTAS. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu 2011, na ruhusa yenyewe ilikuwa kwa wanaume wenye nywele nyeusi au za kahawia zilizonyooka. Zilizonyooka. Tuendelee.

Keloidi. Ukikatwa kidogo kovu linavimba, linapanda, linawasha, linavuka mipaka ya kidonda. Ukitoga sikio linatoka tonge. Wewe, au mama yako, au ndugu zako mkiwa na tabia hiyo, mwambie daktari kabla hujalipa hata senti. Hapa simung'unyi maneno: usisafiri mpaka daktari wa ngozi akutazame. Na vile vipele vigumu vya kisogoni, ambavyo nusu ya wateja wangu wanadhani nimewaambukiza kwa mashine, ni ugonjwa unaoweza kuacha makovu na kuua mizizi, tena mahali pale pale wanapotaka kuvuna. Kitibu kwanza.

Na si kila kupotea kwa nywele ni upara wa kurithi. Mapunye ni fangasi, yanatibika kwa dawa. Dada zetu waliosukwa na kuvutwa tangu skuli, nywele za kwenye mapaji zimekimbia, hiyo inaitwa upara wa kuvutwa. Ukiacha kuvuta mapema nywele zinarudi zenyewe; ukichelewa sana mizizi inakufa, na hapo ndipo kupandikiza kunaweza kufikiriwa, kwa sharti la kuacha kuvuta. Wapo pia wanawake ambao upara unaanzia utosini na kupanuka, ngozi inang'aa, inauma au inawasha. Huo unaweza kuwa ugonjwa unaounguza mizizi kutoka ndani. Ukipanda nywele juu ya ugonjwa ulio hai, nazo zitaunguzwa. Wakati mwingine daktari lazima achukue kipande kidogo cha ngozi akipime. Tanzania wataalamu wa ngozi tunao, wanasomeshwa KCMC kule Moshi tangu miaka ya tisini. Pesa ya kumwona mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na tiketi.

Tangazo moja mmenitumia linasema "vipandikizi bila kikomo". Jamani. Kisogo kina kikomo. Watu wengi akiba yao ya maisha yote ni kama vipandikizi 4,000 hadi 6,000, wengine chini ya hapo. Piga hesabu: eneo la sentimita za mraba 100, ukipanda 35 kwa kila sentimita, umeshatumia 3,500. Na hiyo bado si wingi wa asili, ni wa kufunika macho ya watu tu. Sasa kijana wa miaka 22 anataka mstari wa mbele ushuke kama alivyokuwa mtoto. Wakimpa, akifika 40 utosi nao umeondoka, akiba imekwisha, ana kisiwa cha nywele mbele na uwanja nyuma yake. Kijana, muulize daktari kwanza kuhusu dawa. Minoxidil inatumika kwa upara tangu 1988, finasteride kwa wanaume tangu 1997. Hazioteshi msitu, zinazuia unachokipoteza, na zinafanya kazi ukiendelea kuzitumia. Finasteride ina madhara yake, baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, na mwanamke mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika. Usinunue kwa kuambiwa na kinyozi.

Maswali yenu ya ibada, maana yamekuwa mengi. Hukumu muulizeni shekhe wenu, mimi nasema ya kichwa tu. Vipandikizi vinashika baada ya siku 9 au 10 hivi. Kabla ya hapo paji lisigusane na mkeka, na kuinamisha kichwa kunazidisha uvimbe, unaoweza kushuka hadi machoni siku ya tatu au ya nne. Basi muulize shekhe namna ya kusali ukiwa umekaa kabla hujasafiri, usisubiri ukiwa hotelini. Kofia yetu ya viua ni ngumu na inabana, iache mpaka daktari aruhusu. Kuogelea, jua kali la mchana na vumbi, hesabu mwezi. Wembe juu ya vipandikizi ni miezi, kwa hiyo mwenye nia ya Umra apange tarehe zake.

Baada ya wiki mbili hadi nne nywele zilizopandwa zitadondoka. Hapo ndipo wananipigia simu wanalia. Mzizi upo, umelala. Zinaanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, sura kamili ni karibu mwaka, utosini hata zaidi. Anayekuahidi kichwa cha harusi ya miezi miwili anakudanganya.

Bei. Matangazo mengi ya Istanbul yanaanzia kama dola 2,000 na kupanda. Zipo kliniki nzuri sana kule, na zipo nyumba ambazo daktari unamwona kwenye picha tu, anayetoboa ni mtu asiye na leseni. Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa kazi hii, ISHRS, inaonya kuhusu hilo kwa miaka. Kabla ya kulipa, taka jina la daktari kwa maandishi, na uulize: nani atanichoma ganzi, nani atavuna, nani atafungua vijitundu? Wagonjwa wapo wangapi kwa siku hiyo hiyo? Nikirudi Zanzibar kidonda kikatunga usaha, nampigia nani? Wakijibu kwa kukutumia picha ya hoteli, funga simu.

Wanaotaka nitazame kabla hawajaenda kwa daktari, njooni saluni asubuhi, kabla ya msongamano. Wa mbali tumeni picha tatu: mbele, utosi na kisogo. Kisogo tafadhali. Mnanitumia makomwe tu.