Mombasa kwa miguu: Fort Jesus, Mji wa Kale na Mama Ngina

Mgeni wa Mombasa namshauri aanzie ngome ya Fort Jesus saa mbili asubuhi, mlango ukifunguliwa, ndipo aingie Mji wa Kale. Ua wa ngome hauna kivuli, na kufika saa nne mawe ya matumbawe yameshaanza kuwaka. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na nyumba za ghorofa hukinga jua, kwa hiyo vinatembeleka hata adhuhuri. Wengi hufanya kinyume. Hufika ngomeni saa saba wakiwa hoi, wakapiga picha mbili na mizinga, wakaondoka.

Ngome inataka saa mbili nzima. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Na kutoka 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Ndani ya makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, wakati wa mzingiro huo. Kisha tafuta michoro ya ukutani ya Wareno: meli, samaki na watu, kwa mkaa na udongo mwekundu. Mistari ni ya haraka, ya mtu asiye fundi, na kwangu hiki ndicho kitu cha thamani kuliko mizinga yote. Watu hukipita bila kugeuza shingo.

Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja, na weka pesa ya kukilipia kwenye simu mapema. Langoni utapata wa kukutembeza. Mwenyeji mzuri anafaa sana, lakini omba kitambulisho chake, patana bei kabla ya kuanza, na uulize kama bei hiyo inafika Mji wa Kale au inaishia ngomeni. Ugomvi mwingi huzukia hapo.

Ukitoka, shika barabara ya Mbarak Hinawy hadi Msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, wenye mnara uliochongoka kama pia. Mbele kidogo ni Bandari ya Kale. Ulizia kabla ya kutoa kamera. Rudi kwa barabara ya Ndia Kuu, inua macho uone roshani za mbao na milango ya nakshi. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Huku ni majumbani mwa watu. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, na Ramadhani usitegemee kula mchana. Siku nyingine, mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi: ukichelewa utakuta sufuria tupu.

Jioni nenda Mama Ngina, kando ya bahari, kuanzia saa kumi na moja, kwa madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na viazi karai kwa ukwaju.

Aprili na Mei ni masika. Mitaa ya chini hujaa maji. Ukija kwa treni, kumbuka stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo tenga muda na nauli ya kuingia mjini. Feri ya Likoni, ya kuvukia upande wa kusini wa kisiwa, ni bure kwa waendao kwa miguu, ila epuka asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, na mkoba uvae mbele.